Mukanda wa Kukaa Kasongo

Mwaka ule wa hamsini na tatu, mtu wa Kabambare aliyetaka kukaa Kasongo alikaa kwa mukanda, yaani kwa barua ya serikali. Haikutosha kuwa na kazi, wala nyumba, wala ndoa ya kanisa. Ilibidi uwe na permi, karatasi yenye jina lako, jina la mke wako na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikipita hata kwa siku moja, polisi anakushika mkono mbele ya watu na kukurudisha kwa shefu, chifu wa kwenu, ukalime pamba ya lazima kama baba yako alivyolima mpaka mgongo ukapinda.

Octave, karani wa mizani kwenye kompani ya pamba, alikuwa amepata permi ya mwaka mzima mara sita mfululizo bila maneno. Shida ilianza siku alipoomba makubwa. Leta, serikali ya Wabeljiji, ilikuwa imetangaza kwamba mtu mweusi aliyestaarabika, mwenye mke mmoja, anayejua Kifaransa na kula mezani, anaweza kuandikwa katika buku la wastaarabu. Ukishaandikwa, hakuna permi tena, hakuna fimbo, hakuna shefu. Unakaa unapotaka, kama mwenye nchi. Mtu anapiga magoti kuomba awe mwenye nchi kwao! Octave akaomba. Akajaza makaratasi, akabandika picha yake na mkewe Anastasie wamesimama mbele ya kanisa, akapeleka yote kwenye ofisi ya teritware, yaani ya wilaya.

Toka siku hiyo permi yake ikawa ya miezi mitatu mitatu.

Emile, karani wa dirishani, alimweleza kana kwamba ni jambo la akili. Asiyeomba kitu hali yake inajulikana, anapewa mwaka. Aliyeomba hali yake haijulikani bado, hawezi kupewa mwaka. Na dosiye, lile faili la maombi yake, haiwezi kwenda mbele kama permi imekufa hata siku moja, kwa hiyo ajihadhari. Octave akauliza dosiye imefika wapi. Emile akasema iko juu ya meza. Mara ya pili ikawa iko juu ya meza. Mara ya nne Octave hakuuliza tena. Alisimama juani toka asubuhi, kofia mkononi, akingoja mzungu wa makaratasi amalize kahawa yake. Mzungu huyo watu walimwita Bwana Bretele kwa sababu ya mikanda yake miwili ya suruali iliyopita mabegani, naye alikuwa na kawaida ya kupiga muhuri bila kuinua macho, hata hajui kama aliyesimama mbele yake ni Octave au ni mbuzi.

Anastasie alimcheka. Kila akirudi kutoka dirishani alimpokea mlangoni kwa heshima ya mzaha.

"Karibu, bwana mustaarabu. Wamekupa nchi ao wamekupa tena miezi mitatu?"

Kisha Anastasie akaanza kukohoa.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kawaida. Mvua zilipokatika hakikukatika. Shingo ikawa nyembamba, kitambaa kikawa na damu. Majirani wakasema ampeleke lopitalo, na Octave alijua wanasema kweli. Lakini Emile alikuwa amemnong'oneza mambo mawili. La kwanza, Komisiyo ya wazungu itakuja nyumbani kutazama kama kweli anaishi kistaarabu, itakuja siku yoyote, na ni lazima imkute mke ndani. La pili, ugonjwa wa kifua ukiandikwa katika buku la matibabu la mke, dosiye inafungwa, maana hawaandiki nyumba yenye kifua kikuu.

Basi Octave akamwambia mke wake avumilie mpaka Komisiyo ipite. Mwezi mmoja tu. Halafu wakishaandikwa, atatibiwa hata kule wanakotibiwa wazungu, juu ya kitanda chenye shuka. Ilikuwa mwezi wa tano. Wa sita ukapita, wa saba nao. Kila jioni alimketisha mezani, akampa uma na kisu, wakafanya mazoezi ya kukata nyama ambayo Anastasie hakuweza tena kuimeza. Siku moja aliweka uma chini, akamtazama mume wake.

"Octave, hawa watu wako, wanataka kuona muke ao wanataka kuona mufu anayejua uma?"

Octave akauchukua uma, akamrudishia mkononi. Wale waliokuwa na jibu walikuwa ofisini na feni inazunguka juu ya vichwa vyao.

Anastasie alikufa siku ya Jumanne, mwezi wa nane, asubuhi, akijaribu kuinuka apike.

Wakamzika Jumatano, maana joto halingoji ndugu. Alhamisi wakafika wa kwao kutoka Kabambare, juu ya lori, kamio la pamba: Kasimu, kaka mkubwa, Mwislamu wa kanzu safi na maneno machache, na Cécilia, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa ameshachumbiwa na kijana mmoja wa Lusangi aitwaye Ramazani. Kasimu hakupiga kelele. Aliuliza dada yake alikuwa mgonjwa muda gani. Aliposikia, akaagiza desturi ifuatwe yote.

Na desturi ya kwao ni hii. Mfiwa anakaa chini, juu ya mkeka. Hashiki fagio, moto wa nyumba unazimwa, chakula analetewa na jirani juu ya jani. Siku ya saba, ndugu mwanamke wa marehemu anamwagia maji na kumfungua, na toka hapo yeye ni mtu kama watu. Kabla ya siku hiyo asile hata tonge moja kutoka mkono wa ndugu huyo. Akila, amemkalisha mahali pa marehemu. Amekuwa mke wake, na mwenye kumfungua hayuko tena. Jambo hilo linajulikana na mtoto wa miaka sita.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, Emile alipita kama mtu aliyekuja kutoa pole. Akakaa kidogo, akakohoa, akainama kwenye sikio la Octave aliyekuwa mkekani. Komisiyo inakuja kesho, Ijumaa, saa sita na nusu.

Octave akamwambia ofisi waandike kwamba mke wake amekufa.

"Naweza kuandika," Emile akasema. "Lakini dosiye yako ni ya mutu na muke wake. Nikiandika muke amekufa, inarudi mwanzo. Na permi yako inaisha siku gani?"

"Siku ya posho. Kesho kutwa."

"Na nyumba za mutaa huu wa Santre wanapatia watu wa ndoa. Mujane anatoka." Emile akainuka, akajifuta vumbi matakoni. "Mimi sikusema kitu, ndugu yangu. Nilikuja kutoa pole."

Usiku huo Octave hakulala, na kulipokucha alikuwa ameshaamua. Adhuhuri ya Ijumaa Kasimu angekwenda kuswali kwa Waislamu wenzake upande wa pili wa mji, na hotuba ya kule haikuwa fupi. Nusu saa ingetosha. Kanzu ya Kasimu ilipopotea tu kwenye njia, Octave aliinuka mkekani, akaukunja, akashika fagio. Alifagia nyumba yote na uwanja. Akawasha moto kwa mikono yake. Cécilia alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake anajivua nguo barabarani.

Akamwomba. Avae lile gauni la bluu la dada yake, aketi mezani, apakue wali na kuku, anyamaze. Wazungu watatazama, wataandika, watakwenda. Hakuna wa kwetu atakayejua.

"Shemeji, nikikupakulia chakula leo, unajua nimekuwa nani."

"Ni mbele ya wazungu tu. Mbele ya wazungu haihesabiwi."

"Na Ramazani?"

"Ramazani iko Lusangi. Cécilia, dada yako alikufa kwa sababu ya hii karatasi. Unataka afe bure?"

Neno hilo ndilo lililomshinda. Lilikuwa neno baya, na Octave alijua wakati linatoka mdomoni kwamba ni baya, lakini hakulirudisha. Msichana akavaa gauni.

Walikuja watatu: Bwana Bretele, mzungu mwingine mnene mwenye daftari, na Emile wa kutafsiri. Walitazama choo, wakamulika shimo kwa tochi. Walifunua shuka za kitanda, kitanda ambacho Jumanne kilikuwa na maiti. Walihesabu vitabu. Mzungu mnene alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akafurahi hakina vumbi. Kisha wakasimama pembeni ya meza kuwatazama wanavyokula, kama watu waliokwenda kutazama nyani kwenye tundu.

Cécilia akapakua. Octave akachukua uma, akala. Tonge la kwanza, la pili. Mzungu mnene akauliza kwa Kifaransa bibi wa nyumba ameolewa toka lini. Octave akajibu upesi kwa niaba yake, miaka minane, na mzungu akaandika, akatikisa kichwa kwa wema. Bwana Bretele alikuwa ameshafunga kalamu. Yaani ilikuwa imekwisha. Kulikuwa kumebaki kusema kwa heri.

Kasimu akatokea mlangoni. Baadaye watu walisema hakukaa kusikiliza hotuba, moyo wake ulikataa. Alisimama na viatu mkononi, akaona sakafu iliyofagiwa, moto, sahani, mdogo wake ndani ya gauni la marehemu, na uma kinywani mwa Octave. Hakutukana. Alisema polepole, kama mtu anayesoma.

"Basi umemuchukua. Hata siku tano haziishi. Umekula kwa mukono wake, Cécilia ni muke wako. Miye sina maji ya kukufungua."

Bwana Bretele akamgeukia Emile, akauliza yule wa kanzu anasema nini. Octave alimtazama Emile machoni. Wamesoma darasa moja kwa Mapadri. Wamecheza mpira pamoja. Emile akatazama mikanda ya suruali ya mzungu wake, akatafsiri. Akatafsiri vizuri sana, hakupunguza neno, akaongeza na yasiyosemwa: kwamba bibi Anastasie amekufa Jumanne, kwamba huyu ni mdogo wake, kwamba kwa desturi bwana huyu amemwoa.

Mzungu mnene alifungua daftari tena.

Jumamosi asubuhi Octave alikuwa dirishani wa kwanza. Hakuwa amekaa tena mkekani. Wa kumkalisha hakuwepo, Kasimu alikuwa amepanda kamio na kumwacha Cécilia juu ya mzigo wake uwanjani. Mara hii Bwana Bretele aliinua macho. Alisema kwa Kiswahili chake cha amri kwamba permi haitapigwa muhuri. Mtu aliyerudi kwenye desturi aende kukaa penye desturi. Ana siku mbili za kutoka Kasongo.

"Na dosiye yangu, Bwana? Imekataliwa?"

Mzungu akashangaa swali. Hapana, haikukataliwa. Kukataa ni kazi ya wakubwa wa juu. Dosiye iko mezani. Angojee jibu kule kwao.

Angojee. Wamemwua mke wake kwa kungoja, wamemtia msichana wa watu katika aibu kwa kungoja, na hata ujasiri wa kumwambia hapana hawakuwa nao. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakubwa wale. Mkono wao haukushika kisu, muhuri tu, na usiku walilala.

Octave akarudi kijijini kwao, nchi ya Kabambare, na Cécilia nyuma yake. Ramazani alirudisha maneno ya uchumba kwa kinywa cha mjumbe, naye akaoa mwingine kabla ya mvua. Cécilia alikaa katika nyumba ya Octave kwa sababu hakuna nyumba nyingine iliyompokea. Alipika, akaweka sufuria ya chakula chini mbele yake, akaenda kula kwa majirani. Hakumwita mume wala shemeji. Akitaka kitu alisema, "Weye." Kapita, msimamizi wa mashamba wa shefu, alimpimia Octave shamba la pamba kwa kamba, akamcheka kwa mikono yake laini, na watoto wakamwita Mustaarabu mpaka jina la ubatizo likasahaulika.

Mwezi wa kumi na moja, palizi ikiwa imepamba moto, aliacha jembe. Akavaa shati lake la mwisho lenye kola, akatembea siku nzima mpaka posti ya Kabambare, penye ofisi ya serikali, kuuliza kama jibu lake limefika. Karani wa pale hakutafuta. Alimwuliza kwanza ruhusa yake ya kutoka kwa shefu iko wapi. Hakuwa nayo. Hakujua kwamba hata kuuliza mukanda kunataka mukanda.

Wakamrudisha na polisi. Siku ya baraza shefu aliketi na wazee wake, kosa likasomwa: kuacha shamba la lazima, kutembea bila ruhusa. Fimbo nne. Cécilia alikuwa ameitwa asimame hapo, maana mke husimama. Shefu akamwuliza mshitakiwa kama ana neno.

"Nina dosiye Kasongo," Octave akasema. "Ile ya watu wasiopigwa. Haijakataliwa."

"Imekubaliwa?"

"Hapana. Nangojea."

Wazee wakacheka, na shefu mwenyewe akacheka kidogo, bila chuki.

"Basi lala hapa chini, Mustaarabu. Ungojee na sisi."

Polisi akamsogelea amvue. Octave akamwambia amwache. Alivua shati mwenyewe, akafungua kifungo kimoja kimoja, akalikunja kola juu, akamnyooshea Cécilia alishike. Cécilia hakutoa mkono. Octave akaliweka juu ya mavumbi, akalala kando yake.