Ukuta Niliougonga

Mke wangu alitaka tufuate kundi. Naliweka hilo mbele kabisa ili lawama ijue pa kukaa. Asubuhi ile meli ilipofunga gatini, abiria walipangwa mafungu mafungu, kila fungu na kiongozi wake mwenye kibao cha namba, wapelekwe kutembezwa katika mji wa kale. Mimi nikagoma. Miaka arobaini na moja nimejenga nyumba za watu, halafu kijana mwenye kipaza sauti anieleze habari za kuta?

"Haya, Pimamaji," mke wangu akasema. "Ila saa kumi meli inaondoka, na haitamsubiri fundi."

Pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, ni jina nililopewa kazini, kwa kuwa sivumilii kitu kilichopinda. Nina ugonjwa mwingine pia: siwezi kupita ukuta bila kuugonga. Naugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ukuta mzima hutoa mlio mzito, uliooza ndani hulia kama mtungi usio na maji. Siku tuliyokwenda kumposea mwanangu niligonga ukuta wa sebule ya wakwe, kipande cha plasta kikadondokea sinia la vikombe. Mke tulipewa, lakini hadi leo nikienda kule hunikalisha katikati ya chumba. Safari ya meli ilikuwa zawadi ya mwanangu huyohuyo, baada ya mimi kustaafu.

Tukaingia peke yetu kwa lango dogo la nyuma. Nyumba hazina mapaa, lakini milango bado ina vizingiti vilivyolika katikati kwa nyayo za watu. Nilimwonyesha mke wangu mitaro iliyofunikwa kwa mawe bapa, jinsi ilivyoinama kidogo tu, kiasi cha kuyafanya maji yaende bila haraka. Nilimwonyesha kona zilizokaa sawasawa. Nilikuwa na furaha, nisikufiche. Nilijiona nimekuja kuwatembelea mafundi wenzangu, nikawa nasema peke yangu kama redio.

Kwenye nyumba kubwa kuliko zote tulimkuta mlinzi, mama wa makamo aliyevaa koti la kijani, filimbi shingoni, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alipoona mke wangu anashika magoti, alinyanyuka.

"Kaa hapa, dada yangu. Usiogope, si mali ya serikali. Nimekitoa nyumbani."

Wakaanza kuzungumza kama waliosoma pamoja. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika mtaa ule wa magofu, imebaki miwili apate kiinua mgongo chake. Alisema analijua kila jiwe. Mke wangu naye akanitangaza, kama kawaida yake, kwamba mumewe ni fundi wa kutajika. Chupa yetu ya maji ilikuwa imekwisha, na jua lilishaanza kuchoma.

"Nawaletea maji, bomba liko ofisini," mlinzi akasema. "Msivuke kamba ile ya mlango wa ndani tu, shemeji." Akaenda. Alituacha na nyumba nzima, kwa kuwa tulionekana watu wazima wenye akili zetu.

Nilivuka kamba kabla hajapotea machoni.

Chumba cha ndani kilikuwa na shubaka la kuwekea taa ukutani, na juu yake jiwe refu lililochongwa maua, moja baada ya jingine, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Pembeni ya shubaka, chini ya ncha ya jiwe lile, palikuwa na kiraka cha saruji. Saruji juu ya chokaa ya kale! Chokaa hupumua, saruji huziba, unyevu hubaki ndani ukila mawe polepole. Nilimtukana moyoni aliyefanya kazi ile. Nikagonga. Patupu.

Hapo ndipo nilipopaswa kurudi nikakae. Badala yake nikatoa ufunguo wa nyumbani kwangu, nikaingiza ncha yake kwenye ufa, nikazungusha nione tu kina chake. Kiraka kikatoka kizima, mawe madogo yaliyokuwa nyuma yake yakamwagika, na lile jiwe la maua likainama, likashuka mbele ya vidole vyangu vya miguu. Lilikatika vipande viwili.

Nina miaka sitini na minne, na niliiruka kamba ile kama mwizi wa kuku.

"Nini hicho?" mke wangu akauliza.

"Sijui."

Akanitazama usoni, kisha mikononi. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe kwa chokaa. Alichukua ncha ya mtandio wake akanifuta, kidole kimoja kimoja.

Mlinzi alirudi mbio na jagi, nusu ya maji imemwagikia koti. Nyuma yake akaja mkuu wa walinzi, aliyesikia kishindo. Aliingia ndani, akatoka amebadilika rangi.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikwenda kumletea huyu mama maji, bosi."

"Kituo ukamwachia nani?"

Mkuu akatugeukia sisi kwa heshima zote, akauliza kama tumemwona mtu.

"Tulikuwa tumekaa hapahapa," nikasema. "Tumesikia tu kishindo." Nilisema vizuri, bila kikohozi wala kigugumizi. Sikujua kama uongo ulikuwa umelala karibu hivyo mdomoni mwangu.

Alivuliwa koti mbele yetu. Akaambiwa aende ofisini aandike maelezo, kisha arudi nyumbani, na Jumatatu wakubwa wangeamua kama bado ana kazi. Kabla ya kuondoka alimpa mke wangu jagi la maji. "Kunywa, dada. Haya ni mambo yetu, yasikuharibie matembezi."

Mke wangu akanywa. Mimi jagi lilinifikia, nikaliweka chini.

Saa zilizofuata tulizunguka bila kuona kitu. Mke wangu alitembea mbele, haniulizi wala hanijibu. Mara tatu nilifungua mdomo kusema turudi ofisini, mara tatu nikajidai nakohoa. Niliwaza polisi, niliwaza meli kuniacha, niliwaza mwanangu akisikia. Huyo mama niliyemponza nilimwaza mwishoni, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Halafu tukapotea. Fundi asiyehitaji kiongozi alipita mbele ya birika moja kavu mara nne. Ilikuwa imebaki kama saa nzima meli iondoke, na mke wangu alikuwa anachechemea.

"Nyinyi bado mko huku? Meli itawaacha!"

Alikuwa yeye, mlinzi, amebeba kiti chake cha plastiki anarudi kwao. Wala hakutaka kusikia maelezo. Alitupitisha njia za mkato, ukutani huku, ngazini kule, na mimi nikambebea kiti. Ndiyo hisani yangu pekee siku ile.

Tulipoanza kuona bomba la moshi la meli, akapunguza mwendo.

"Shemeji, wewe ni fundi. Niambie kweli. Ukuta ule ungeweza kuanguka wenyewe?"

Nikahamishia kiti bega la pili.

"Wanasema niliwaachia watu wakapanda," akaendelea. "Lakini kama fundi mzima ataniandikia kwamba ulikuwa mbovu, Jumatatu nitakuwa na cha kuwaonyesha. Maneno mawili tu."

"Nitakuandikia," nikasema.

Getini mwa bandari niliketi kwenye kiti chake, nikatoa ratiba ya meli na kuigeuza upande mweupe. Nilikusudia kuandika kwamba ukuta ulioza, ungeanguka wakati wowote. Uongo wenye sahihi, wa kutuokoa sote wawili. Ndipo akasema, "Mimi herufi sizioni, miwani imebaki kwenye mfuko wa lile koti. Nitatafuta wa kunisomea."

Nikapata ujasiri, maana hangeisoma mbele yangu. Ujasiri gani huo, aibu tupu! Niliandika kwamba ukuta ulikuwa mbovu lakini haukuanguka wenyewe. Nilivuka kamba, nikauchokonoa kwa ufunguo, nikalivunja jiwe, kisha nikadanganya. Mlinzi hana kosa. Nikaweka jina langu kamili, simu na sahihi, nikaikunja karatasi mara nne.

Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Ulikuwa mkono uleule uliozungusha ufunguo. "Mungu akuzidishie umri, shemeji yangu. Umenistiri."

"Mwambie," mke wangu akanong'ona.

"Tutachelewa," nikasema, nikaelekea ngazi ya meli.

Tulipofika juu kwenye ukingo, mke wangu akaniuliza nimeandika nini.

"Ukweli wote."

"Na mdomo ulikuwa unaumwa?"

Kamba za meli zilikuwa bado hazijafunguliwa na ngazi bado iko chini. Nilimwona mlinzi pale getini akimpa askari karatasi. Askari akasoma, akasimama, akarudia kusoma tangu mwanzo, kidole kikifuata mistari. Mlinzi alimpokonya karatasi akaikodolea macho, ingawa haoni. Kisha akageuka. Alikinga uso kwa kiganja akaanza kuitazama meli, ghorofa ya chini kwanza, halafu ya pili, akipita uso kwa uso. Kwa umbali ule sikuweza kujua kama alikuwa na hasira.

Dakika kumi zilibaki. Zilitosha kushuka. Hata kama si kushuka, zilitosha kuinua mkono.

Mke wangu akainua wake. Mlinzi akamwona, akatulia. Mke wangu akaubakiza mkono juu vilevile, na kwa mkono wa pili akawa anapapasa pembeni yake, anatafuta shati langu anivute mbele nionekane.

Hakulipata. Nilikuwa nimesharudi nyuma, nimesimama nyuma ya abiria warefu, nimeinamisha kichwa.