Glavu Mbili za Kushoto

Kiharusi kilimlegeza mama mkono wa kulia, akaacha kufuma. Tulihofu hatagusa sindano tena. Theluji ya Newfoundland ilipotufungia ndani, nilichukua nyuzi zake nyekundu na za njano nikamfumia mume wangu, Leander, glavu za kuwindia, zenye kidole kimoja kilichotengwa cha kufyatulia bunduki.

Mama akazigeuzageuza. "We Loretta, mumeo ana mikono ya kushoto mingapi?"

"Basi tumpe mbwa, mama."

"Mbwa kakukosea nini? Lete sindano."

Akafumua moja. Mbwa alikuwa ameulalia uzi. Akamsukuma kwa mguu, akaanza upya. Mkono wa kulia ulitetemeka, lakini ulifuma. Nilishukuru kwamba nilikosea.