Namba Iliyokuwa Chini Kabisa

Nyumba za mji wa Iisalmi, kule Finland, zilikwisha kuanza kurudi nyuma dirishani Oili Ruuskanen alipotanabahi kwamba bado yumo ndani ya treni. Alikuwa ameingia kumsaidia Jouni, mtoto wa kaka yake, kupandisha begi. Akasimama hapo akisema habari za baridi, mara za barafu, mara za baridi tena, mpaka milango ikajifunga.

"Shangazi, unakwenda wapi bila koti?"

"Nitashuka kituo kijacho, Lapinlahti," akasema Oili. Akaketi, akasimama, akaketi tena.

Lililomkwama kooni lilikuwa moja. Jumatatu tovuti mpya ya kampuni yake ya mazishi ingefunguliwa, na tovuti yenyewe ilikuwa haifai. Aliyeitengeneza ndiye huyu Jouni, kazi yake ya kwanza tangu aachishwe kule Tampere. Kila alipomwonyesha, Oili alijibu kama watu wa kwao wanavyojibu: nzuri tu. Halafu akifika nyumbani roho haimtulii, anamwandikia: buluu ikolee kidogo. Mshumaa uwe mkubwa. Herufi zipungue. Kijana akatii kila neno, na ukurasa ukazidi kuharibika. Huku nako familia za vijijini, ambazo baba yake Oili aliwazikia watu wao maisha yake yote, siku hizi zinapigia kampuni kubwa ya Kuopio. Mwaka mwingine kama huu, naye angefunga.

"Ile buluu," akaanza.

"Buluu tena! Shangazi, mimi naiota usiku."

"Basi iache."

"Juzi ikolee, leo niiache. Unanizungusha kama mbwa anayefukuza mkia." Akacheka, lakini masikio yalikuwa mekundu. "Usiniambie nifanye nini, hiyo kazi niachie mimi. Niambie kumetokea nini."

Oili akatazama nje. Theluji, misonobari, theluji. Akajikuna kiganja.

"Helvi alikuja Jumanne. Yule jirani yangu, tangu afiwe na mumewe mikono haimtulii. Nikamfungulia tovuti yako kwenye simu yangu, nikamwambia, jifanye umepata msiba, nitafute. Nikasimama nyuma yake. Akaona ndege mweupe ziwani. Akaona mshumaa. Akasoma habari za marehemu baba, zote, maskini, kwa adabu. Kidole kinapanda, kinashuka. Namba ya simu hakuiona. Akanirudishia simu, akasema, pazuri sana, Oili."

Jouni akafungua ukurasa kwenye simu yake, akaushusha mpaka mwisho.

"Iko chini kabisa," akasema.

"Najua iko chini."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi na ndege wako."

"Ndege wangu? Mimi huyo ndege nimemchoka tangu siku ya kwanza! Nilidhani wewe ndiye unayempenda."

Abiria wa mbele akashusha gazeti, akawatazama, akalipandisha tena. Jouni alikwisha kufungua kompyuta magotini.

"Mtu akikupigia, anauliza nini kwanza?"

"Afanye nini sasa."

"Kisha?"

"Kama naweza kuja."

"Na bei?"

"Hiyo baadaye. Wanaona haya kuitaja. Lakini wanataka kuijua, hivyo usiifiche."

Treni ikasimama Lapinlahti. Oili akainuka, akashika kiti, akaketi.

"Nitashuka Siilinjärvi," akasema. "Haya, andika. Na hizo habari za baba, zipunguze. Hapana, ngoja. Watu wanachoka kabla hawajafika zinakoishia, ndiyo shida. Wewe tazama la kufanya."

Tovuti ilichelewa wiki nzima. Ilifunguliwa ikiwa na namba juu, na chini ya namba maneno machache: tupigie, tutakuja. Ndege aliondolewa. Baadhi ya familia za vijijini zilirudi, nyingine hazikurudi. Oili aliendelea na kazi miaka sita, kisha akaiuza kampuni kwa Taisto, dereva wake, akahamia Oulu. Jouni alipata kazi katika ofisi ya wabunifu Joensuu. Huwauliza wateja kumetokea nini, na wengi bado humjibu rangi. Helvi alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata baada ya tovuti kufunguliwa. Alizikwa na kampuni ya Kuopio, kwa kuwa mwanawe anaishi huko.