Herufi Nyeupe za Sirili

Kazi ya Brenda ilikuwa maneno. Kampuni ya kupandisha watalii, yenye ofisi karibu na soko la Moshi, ilimpa kiti na kompyuta ajue wageni huandika nini wanapoutafuta Kilimanjaro mtandaoni, kisha ayapande maneno hayo kwenye tovuti: kichwani, aya ya kwanza, chini ya picha. Akiyapanda vizuri, kampuni hutokea juu kabisa. Akikosea, inazikwa huko chini asikofika mtu.

Masika yale watu walianza kutafuta jina. Sirili, mpagazi, kijana wa Uru, aliganda kwa baridi mlimani hadi kufa, ndani ya koti la kuazima lililolowa, huku mgongoni amebeba viti vya wageni vya kulia chakula. Kampuni ikasema hakuwa mtu wao. Kampuni zilizotangulia zilisema hivyo hivyo kuhusu baba zetu, na babu zetu kabla yao. Mlima huu una mabango ya waliofika kileleni. Ya waliowabebea mizigo hayapo.

Brenda alimjua Sirili. Vihamba vyao, mashamba ya migomba ya ukoo, vilipakana, ua wa masale tu katikati.

"Mtu akiandika jina la yule kijana," bosi Isack alimwambia, "atuone sisi kwanza. Aone theluji, wageni wanacheka. Zile habari za kifo zikae chini."

"Jina lake halimo kwenye tovuti, bosi."

"Liweke. Ila lisionekane. Si ndio uchawi wenu huo?"

Ujanja ulikuwepo, wa kizamani na mchafu: herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Jicho halioni, mashine inasoma. Brenda alikipenda kiti chake. Akamwaga jina la Sirili chini ya kila picha, kama mtu anayepanda mbegu gizani.

Kosa lake Mchaga yeyote angeliona. Marehemu haitwi ovyo. Anaitwa kihambani, kwa mbege, pombe ya ndizi, na anaambiwa anaitiwa nini. Brenda alimwita, akamwita, akamwacha mlangoni.

Asubuhi kampuni ilikuwa juu. Lakini kwenye hesabu ya wasomaji wa tovuti, mmoja aliyeingia hakutoka. Na kisanduku cha kutafuta, ambacho humwonyesha Brenda kila wanachoandika wageni, bei, viatu, hali ya hewa, sasa kilikuwa na neno moja: koti. Mchana: koti kavu. Alipokuwa anafunga mkoba wake: nani ananiita.

Akalifuta jina kila mahali. Msomaji akabaki. Nani ananiita.

Jumamosi akapanda Uru, jani la isale mkononi, limefungwa fundo la kuombea msamaha. Mama Mektrida, mama yake Sirili, alikuwa anamkatia ng'ombe mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bosi wako amekutuma, au amekusahau na wewe?"

Brenda akamweleza yote, akanyoosha jani. Mama hakulipokea.

"Nilimzika mwenyewe, pale. Lakini toka juzi nasikia miguu mgombani, inazunguka nyumba kama haijui mlango uko wapi. Sitaki kitu kwao. Waseme tu alikuwa mtu wao."

"Nikiandika hivyo nafukuzwa, mama."

"Basi rudi na jani lako."

Jumatatu Brenda aliliweka jani kando ya kompyuta. Kwa herufi nyeusi, kichwani na aya ya kwanza, pale pale alipofundishwa kupanda maneno, akaandika: Sirili wa Uru alikuwa mpagazi wetu. Alikufa kwa baridi akiwa kazini kwetu.

Msomaji akatoka. Kisanduku kikanyamaza. Brenda akavuta pumzi.

Kisha hesabu ya wasomaji ikaanza kupanda, polepole, kwa mwendo wa watu waliobeba mizigo. Hakuna aliyetoka. Ofisi ikapoa mpaka dirisha likafanya ukungu. Kisandukuni mstari ukatokea, na mwingine chini yake, na mwingine.

na mimi
na mimi
na mimi

Isack aliingia simu ikiwa sikioni. "Toa hilo neno, Brenda. Sasa hivi."

Brenda akamgeuzia kioo cha kompyuta. Isack akasoma, mkono wenye simu ukashuka.

"Kaa, bosi," Brenda akasema. "Nitajie majina yao, wote mliowakana."