Pigo la Pili

Rungu la kwanza lilipasua uso wa yule mwanamke wa udongo kutoka paji hadi kidevu, vumbi lake likamwingia Sitwat machoni. Miezi minne alikuwa akimfinyanga, mwanamke aliyepiga magoti akijifungua. Ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mtihani wa mwisho katika chuo cha sanaa pale Lahore. Vijana sita walikuwa wamevunja mlango wa karakana wakipaza sauti kwamba masanamu ni haramu.

"Kaa kando, dada! Hatukuja kupigana na wanawake," alisema kiongozi wao akicheka. "Tumekuja kukuondolea aibu."

Alikuwa Ghazanfar, yule yule aliyeketi nyuma yake katika darasa la historia ya sanaa na kumwazima madaftari.

"Ghazanfar, usithubutu!"

"Nimeshathubutu. Utanifanya nini?"

Akainua rungu tena, akalilenga tumbo la yule mwanamke. Sitwat hakukumbuka kuokota nyundo ya mbao. Alikumbuka mlio tu, kama tikiti lililoanguka sakafuni. Ghazanfar akaporomoka, damu ikamchuruzika sikioni. Sitwat akampiga tena. Pigo la kwanza lilitokana na hofu. La pili lilitokana na raha, na hilo ndilo lililomkosesha amani.

Mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, wenzake Ghazanfar walishikilia kwamba aliteleza kwenye udongo mbichi. Heri mwenzao aitwe mzembe kuliko kusemwa kapigwa na msichana. Mkuu wa idara akashusha pumzi.

"Basi aliteleza. Yamekwisha, Sitwat. Nenda kamalizie mtihani wako."

"Hakuteleza, mwalimu. Nilimpiga mimi. Mara mbili."

Wakamfukuza chuo siku hiyo hiyo.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja hospitali alikolazwa Ghazanfar. Mama yake Ghazanfar, asiyejua hili wala lile, alimlaki kwa mikono miwili.

"Mnasoma pamoja? Mungu akuzidishie. Hebu nisaidie, mwanangu. Mshikilie kichwa kisitikisike, nimnyweshe supu."

Sitwat akapitisha viganja chini ya bendeji. Kichwa kilikuwa kizito, kina joto. Ghazanfar akafumbua jicho moja, akamtambua, mwili mzima ukamkakamaa.

"Tulia, baba. Ni mwenzako huyu," alisema mama, akikipuliza kijiko.

Sitwat hakuviondoa viganja. Kijiko kikabaki kinangoja hewani. Kisha, polepole, Ghazanfar akafungua mdomo.