Chapa za Marsia

Kheiria alirudi kutoka Italia mwaka 2001 na ufundi ambao kwao Al Khuwair hakuna aliyeuelewa: kuchonga picha kwenye bamba la shaba, kulipaka wino na kuichapa kwenye karatasi, kama walivyofanya mafundi wa huko karne tano nyuma. Chapa moja ya kale aliiiga mstari kwa mstari. Ilikuwa ya Marsia, kiumbe wa hekaya za Wayunani, nusu mtu nusu mbuzi, aliyethubutu kushindana na mungu Apolo kwa kupiga zumari. Alishindwa, akafungwa mtini, akachunwa ngozi angali hai. Ile misuli iliyo wazi ilimtia Kheiria kinyaa, lakini kilichomchefua zaidi ni uso wa Apolo, umetulia kama wa mtu anayemenya chungwa.

"Nchapie kumi," aliambiwa na ami yake Sleyum, mwenye duka la vitu vya kale Matrah. "N'tazitia fremu, zipendezeshe duka."

Akamchapia.

Siku moja alipita dukani bila taarifa. Uvundo ulimpokea mlangoni. Katika chumba cha nyuma, chapa zake zilielea kwenye karai la chai iliyochacha, yenye utando wa ukungu na nzi waliokufa. Ami Sleyum, mikono imelowa mpaka viwikoni, alikuwa akisugua moja kwa mafuta ya papa. Pale pembeni Kheiria alipoandika jina lake kwa penseli, palikuwa peupe.

"Nnazizeesha," alisema ami bila haya. "Wageni wa mahoteli wakishaona madoa hawaulizi. Nnawaambia za miaka mia tano hizi."

"Na jina langu?"

"Jina lako lina umri gani, mwanangu?" Akacheka, akajipangusa vidole kwenye kanzu.

 Kheiria alitoka akatapika uchochoroni, mkono umeshika ukuta.

Nyumbani alichukua patasi akalikwaruza bamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, mpaka Apolo hana uso. Ami alipopiga simu kutaka nyingine, alimwambia, "Bamba limekufa, ami."

Mama yake alimtaka akaombe radhi. Alikataa. Zilizokwisha kuuzwa hazikurudi, zikabaki zikining'inia katika kuta za watu, bila jina lake.