Nyambizi Ndani ya Plastiki

Kaka yangu ni fundi bomba. Hajawahi kushika bunduki, na panya akikatiza jikoni yeye ndiye wa kwanza kupanda kiti. Lakini mtaa mzima unamwita Jenerali, kisa kadi. Zilikuwa zinatoka kwenye chingamu tulipokuwa watoto: vifaru, manowari, ndege za kivita, askari wa kila aina, jumla sitini. Mimi nilikula chingamu nikatupa kadi. Yeye alizitunza, na leo ana mvi kichwani na kadi hamsini na tisa.

Anayokosa ni ya mpiga tarumbeta wa jeshi. Anazo mbili muuza nyama wa mtaa wa pili, Bucha, mgonjwa mwenzake wa ugonjwa huohuo. Bucha naye amekosa nyambizi tu, na kaka ana nyambizi ya ziada. Mtu mwenye akili timamu atasema basi, wabadilishane wakalale. Wapi! Walichunguzana miaka miwili. Wana sheria zao: kadi hainunuliwi, haitolewi bure, na hubadilishwa kwa kadi yenye hali ileile, kona kwa kona. Mwishowe wakakubaliana Jumamosi.

Siku tatu kabla, paa la kaka likaanza kuvuja. Ndiyo, la fundi bomba. Akaniletea nyambizi dukani nimtunzie.

Mimi nina duka la kutoa kopi. Vyeti, vitambulisho, picha za marehemu, chochote mtu anachokithamini nakipitisha kwenye mashine ya moto kinatoka kimefunikwa plastiki, hakiozi wala hakilowi. Watu hunishukuru. Nikaitazama ile kadi, imechakaa maskini, nikamhurumia kaka yangu. Nikaipitisha. Ikatoka inang'aa mpaka nikajisifu kwa sauti.

Kaka alipoiona alikaa chini kwenye boksi la karatasi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinieleza taratibu, kama anamweleza mtoto, kwamba plastiki ile haibanduki bila kuchuna picha, na kwamba kadi ambayo kidole hakiigusi huhesabiwa imekufa.

Nikapandwa na hasira, maana nikikosea huwa nakasirika. Nikaenda kwa Bucha nikamkuta anakata mifupa. Nikamwambia kosa ni langu, kaka yangu amesubiri tangu ana meno ya utotoni, aache ubishi apokee kadi. Akaniuliza kwa upole kama mimi ningepokea cheti kilichoungua. Nikamwambia asinifananishie mambo, nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi Bucha akaingia dukani na aproni yake. Amenawa mikono mpaka viwikoni. Akaweka mpiga tarumbeta juu ya kaunta: safi, kona nne kali, rangi kama ya jana.

"Ipitishe na hii," akasema. "Zikifa zote mbili, hali inakuwa sawa. Tutabadilishana."

Nilidhani ananitania. Macho yake yalikuwa mekundu. Basi nikawasha mashine, nikaiweka kadi katikati ya plastiki. Ncha ilikuwa inakaribia mdomo wa mashine kaka alipoingia na spana mkononi. Aliona mara moja. Aliidondosha spana, akanishika mkono kwa nguvu hata nikaumia.

"Mdogo wangu, zima."

"Ndiyo nafasi yako, kaka. Hutaipata nyingine."

"Najua. Zima."

Akaitoa kadi kwenye plastiki kwa kucha, akaipuliza vumbi, akautazama muda mrefu ule uso mdogo wenye mashavu yaliyojaa upepo. Kisha akamrudishia Bucha.

"Iliyokufa moja inatosha," akasema. "Hii kaa nayo. Nitakuwa napita kuiona."

Bucha alisimama pale na kadi yake kiganjani. Nilisikia feni ikiipoza mashine. Akanyoosha mkono juu ya kaunta, akachukua nyambizi yenye plastiki, akaitia mfuko wa aproni, na mpiga tarumbeta akamwacha palepale mbele ya kaka. Akatoka.

Kaka hakuigusa.

"Amepunjika," akasema. "Amejipunja mwenyewe, kwa makusudi."

Nikamwambia amkimbilie basi amshukuru, anasubiri nini. Akatoka mbio, mzee mzima, na kadi akaniachia mimi, mimi huyuhuyu. Nikaikodolea macho mpaka aliporudi, mikono yangu nimeikunja mgongoni.